Mwanangu, usimwekee Idrisa ahadi ya uchaguzi

Tanga,
15 Julai 2024

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Wa baada ya salamu, sisi huku hatujambo, presha ya mama yako imetulia, na fedha ulizotuma zimefika kamili. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza maneno, nami hukasirika, na Idrisa huwa amekaa karibu akisikiliza.

Mwanao Idrisa amegawa gololi zake. Jumatano iliyopita jirani alikuja kuuliza kama ni kweli tunahama, maana mwanawe amerudi nyumbani na kopo zima la gololi, na alipohojiwa akasema kapewa na Idrisa, ambaye hazihitaji tena kwa kuwa anakwenda Ulaya kwa mama yake. Nilipomwuliza mwenyewe alinijibu bila kupepesa macho kwamba chama cha mama kimeshinda, na kwamba wewe ndiye uliyemwambia, Ijumaa ile ile ya matokeo ya uchaguzi wa Uingereza. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikupe haki yako. Uliponieleza kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko Uingereza kihalali wanaruhusiwa kupiga kura ya Bunge, nilidhani umedanganywa na wenzako wa kazini, hadi nilipouliza na kuhakikishiwa kwamba ni kweli. Hujamaliza hata miezi mitatu tangu ushuke kwenye ndege, ukajiandikisha kabla ya tarehe 18 Juni, ukaenda na pasipoti yako kabla ya zamu, ukapewa penseli, ukaweka alama ya X, ukatoka bila wino kidoleni. Nimewasimulia wazee wa barazani wakacheka sana kuhusu penseli, lakini hakuna aliyecheka nilipowaambia kwamba binti yangu amepiga kura ya kuiondoa serikali na serikali ikaondoka. Siku ile nilikwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa wakati Waingereza wana waziri mkuu mmoja, na niliporudi nikala na kujinyoosha kidogo, redio ikasema wana mwingine. Mimi nimepiga kura tangu enzi za chama kimoja na sijawahi kuona jambo kama hilo katika nchi yangu. Nimefurahi kwamba wewe umeliona, na umelishiriki.

Lakini mama, ushindi wa Labour, chama ulichokipa kura, si ushindi wa Idrisa, na usimwahidi mtoto kitu ambacho hakuna aliyekuahidi wewe. Sheria iliyomwacha Idrisa huku ni ile iliyoanza tarehe 11 Machi, kwamba anayepata viza ya kuhudumia wazee asifuatane na mtoto wala mume. Nitajie kiongozi mmoja wa Labour aliyesimama jukwaani akasema ataifuta. Ilani yao inasema idadi ya wahamiaji ipungue, na kwamba Waingereza wenyewe wafundishwe kazi ambazo sasa zinajazwa na wageni. Unaniambia kwamba mpango wa Rwanda wameuzika siku zao za kwanza ofisini, kwa hiyo na hili litafuata. Ule ulikuwa wa kuwapeleka Rwanda watu wanaovuka bahari kwa maboti kuomba hifadhi, ulikwisha kuwagharimu fedha nyingi na kesi nyingi mahakamani, na kuufuta kulikuwa kwenye ahadi zao. Hili letu halimo.

Najua utasema kwamba hiki ni chama cha mrengo wa kushoto, kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi, na kwamba naibu waziri mkuu mpya, Angela Rayner, aliwahi kufanya kazi hiyo hiyo unayoifanya wewe. Uliponiambia habari zake sauti yako ilikuwa inatetemeka kwa furaha na sikutaka kukuharibia. Inawezekana kabisa kwamba mshahara wako utapanda, maana wameahidi makubaliano ya malipo ya haki kwa wahudumu wa wazee, na hilo lipo kwenye maandishi. Kungoja mshahara si vibaya. Ila serikali ya mrengo wa kushoto inaweza kumpenda mfanyakazi na bado isitake mtoto wake avuke mpaka. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakihamia huko kwa wingi, iliyopitisha sheria ya kuwazuia ilikuwa serikali ya Labour ya Harold Wilson, na Bunge liliimaliza kazi hiyo kwa siku tatu. Upande wa pili nao, wa Conservative, ulikuwa na Rishi Sunak, waziri mkuu aliyeondolewa, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, na waziri wake James Cleverly, aliyetangaza kwamba watu wa kazi yako wasilete watoto, mama yake mwenyewe ni mkunga aliyetoka Sierra Leone. Kama damu haikuwafanya hao watuonee huruma, sioni kwa nini rangi nyekundu ya chama iwafanye hawa.

Angalia na hesabu, wewe uliyekuwa hodari wa hesabu kuliko kaka zako. Viti 411 kati ya 650 ni vingi mno, lakini vimepatikana kwa kura ambazo ni kama theluthi moja tu ya zote zilizopigwa. Chama cha Reform, kinachohubiri dhidi ya wahamiaji asubuhi na jioni, kimepata viti 5, lakini kina kura zaidi ya milioni 4, na katika majimbo mengi waliyoshinda Labour kimeshika nafasi ya pili. Mbunge mpya aliyeingia kwa kura chache akitazama nyuma anamwona nani? Huyo ndiye atakayempigia hesabu miaka mitano yote.

Habari za babu yako na Kongwa, kule Dodoma, unazijua, sizirudii. Sikumbuki tu kama niliwahi kukuambia kwamba ule mpango wa kulima karanga uliompeleka huko ulikuwa wa serikali ya Labour, iliyoingia mwaka 1945 kwa ushindi mkubwa kama huu. Walikuwa wakweli kwa watu wao, waliwajengea hospitali za bure, na huku kwetu walileta matrekta kung'oa mibuyu kwa nia njema kabisa, na mwaka 1951 wakafunga virago. Babu yako alikuwa ameshaahidi watu nyumba ya bati.

Jumatano hii Mfalme atasoma bungeni mambo ambayo serikali mpya inakusudia kuyatungia sheria. Sikiliza, na kama humo kuna neno lolote kuhusu watoto wa wahudumu wa wazee, nipigie hata usiku wa manane, nami nitaomba radhi mbele ya mama yako. Kama halimo, basi zungumza na Idrisa mwenyewe, kwa maneno mepesi, na usiniachie mimi kazi hiyo. Usije ukadhani nasema haya kwa kuwa nataka abaki.

Kuhusu kazi, usimwache huyo mwajiri kwa maudhi madogo, tunza kila karatasi ya mshahara, na usibishane siasa na familia za wale wazee unaowaogesha, hata wakikuchokoza. Uliniambia miaka mitano ndiyo itakayokufikisha kwenye ukaazi wa kudumu. Hesabu miaka hiyo mitano, usihesabu uchaguzi. Na ununue soksi nzuri kabla ya baridi, mama yako anasisitiza.

Hapa nyumbani mvua za mchoo zimetuonea. Bati la chumba chetu limetoboka pale kwenye msumari, maji yakateremka hadi ndani ya kabati, ikabidi tutoe kila kitu tuanike uani. Chini ya khanga za mama yako ilionekana ile bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa cha Idrisa, imelowa pembeni lakini mhuri unasomeka vizuri. Tarehe ya kutolewa kwake ni 2 Februari. Mama yako aliisoma mara mbili, akaniangalia, na tangu juzi hanisemeshi ila kwa habari za chakula. Wewe uliniuliza cheti hicho mara tatu, nami nilikujibu kwamba bado kinashughulikiwa. Wale wa ofisini hawakuwa na kosa. Nilidhani mwezi mmoja au miwili zaidi ya kukaa naye si kitu, na hiyo tarehe 11 Machi wakati ule hata sikuwa nimeisikia. Kwa sasa nimekitia ndani ya mfuko wa plastiki na kukiweka kwenye sanduku la chuma.

Fedha zako nimezigawa hivi: mabati mawili na misumari, dawa za mama yako, ada ya madrasa ya miezi miwili. Gololi nimekwenda kuziomba kwa jirani, amerudisha zote isipokuwa ile kubwa ya kijani, ambayo mtoto wake anasema imepotea. Fundi anauliza kama kaptura ya shule ya Idrisa aishone sasa au angoje hadi ijulikane. Nimemwambia ashone, na aache upindo mrefu.

Mimi,
Baba yako