Sokwe wa sarakasi anasingiziwa, na mavijei wetu, hawa watafsiri wa filamu vibandani, wanatuharibia

Mhariri salamu,

Juzi kwenye kibanda cha video hapa Kampala wametuwekea filamu ya kizamani, Charlie Chan at the Circus ya 1936, nyeusi na nyeupe, vijana wakaanza kupiga kelele wanataka ngumi, lakini dakika kumi tu watu kimya. Yule mpelelezi, Charlie Chan, anaenda sarakasi na mke wake na watoto 12 (eti mapumziko!) halafu mmoja wa wenye sarakasi anakutwa amekufa ndani ya gari lake, mlango umefungwa, na kila mtu anamnyooshea kidole sokwe.

Sasa hapo ndo nilicheka. Sisi wa Uganda tuna masokwe wa Bwindi, wanakula majani na machipukizi, ukiwaacha na familia yao hawana shida na mtu, na yule wa kwenye filamu unaona kabisa ni mtu kavaa manyoya. Hata mpelelezi mwenyewe anaitwa Mchina ila aliyemwigiza, Warner Oland, alizaliwa Sweden, angalau yule kijana wake mkubwa, Keye Luke, ni Mchina kweli na mi naona ndo anaibeba filamu.

Malalamiko yangu ni kwa mavijei. Filamu ya upelelezi si ya kutafsiri kama ya vita, vijei wetu siku hiyo alitaja muuaji nusu saa kabla, tena kwa kujisifu! Tafsirini wanachosema, basi, hayo mengine tuachieni wenyewe.

Mpenda filamu, Kampala