Gari Linalochemsha: Mambo ya Kukagua Nyumbani Kabla ya Kununua Kifaa Chochote

Magari mengi yanayofika kwenye gereji yetu hapa Iringa yakiwa yamechemsha hutokea upande wa bondeni. Dereva ametoka Dar es Salaam au Morogoro, amevuka Mikumi bila tatizo lolote, amepita Ruaha Mbuyuni akijua kwamba safari imebaki fupi, kisha katikati ya kona za mlima Kitonga, nyuma ya lori lililopakia mzigo mzito na linalotambaa, mshale wa joto unaanza kupanda na mvuke unatoka chini ya boneti. Linalotusikitisha zaidi ni kwamba wengi wao hutueleza kuwa gari hilo hilo lilichemsha mwezi uliopita, likabadilishwa rejeta, likachemsha tena, likabadilishwa pampu ya maji, na mwishowe themostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, ikatolewa na kutupwa, lakini ugonjwa haukupona. Fedha zimekwisha na chanzo bado hakijulikani, kwa sababu hakuna aliyekaa akakitafuta.

Kuchemsha ni dalili, na vyanzo vyake ni vingi. Maji yanaweza kuwa yanapungua, yanaweza kuwapo lakini hayazunguki, yanaweza kuzunguka lakini hewa ya kuyapoza haipiti kwenye rejeta, au injini yenyewe inaweza kuwa inasukuma gesi ya moto ndani ya mfumo wa maji. Sehemu kubwa ya kazi ya kutofautisha hali hizi inaweza kufanywa na mwenye gari nyumbani kwake, asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa kutumia macho, vidole, tochi na kitambaa. Tunaandika haya tukijua kwamba baadhi ya wasomaji watamaliza tatizo lao wenyewe bila kutufikia, na hilo ni jema kabisa kwetu.

Kanuni ya kwanza haina mjadala: usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ni ya moto. Kifuniko hicho kimewekwa ili kuyabana maji yawe na mgandamizo, na kwenye magari mengi ya Japani utaona juu yake tarakimu 0.9 au 1.1, ambayo ndiyo kipimo cha mgandamizo kinachoruhusiwa kabla vali yake haijafunguka. Kwa mgandamizo huo, maji ambayo usawa wa bahari yangechemka kwenye nyuzijoto 100 huvumilia hadi kukaribia 120. Ukikifungua ghafla mgandamizo hupotea, maji yote huchemka kwa mara moja na kukurukia usoni na mikononi. Hapa kwetu, kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, na ndiyo maana kifuniko kilicholegea ambacho hakikumsumbua mtu Dar es Salaam kinaweza kumwangusha akishapanda mlima. Kifuniko ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko hicho na utazame ndani. Maji yanapaswa kufika mdomoni mwa rejeta, na kwenye chupa ya akiba yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Ukikuta chupa imejaa lakini rejeta imepungua, usikimbilie kununua rejeta. Injini inapopata moto, maji hutanuka na kusukumwa kwenda kwenye chupa, na inapopoa hupaswa kuyanyonya tena kupitia vali ndogo iliyo chini ya kifuniko. Vali hiyo ikikwama, au mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa ukipasuka, maji hutoka na hayarudi. Dalili nyingine ya vali iliyokwama ni mpira mkubwa wa rejeta kukutwa asubuhi umenywea, kana kwamba umebanwa kwa mkono. Gusa pia raba za kifuniko, na zikiwa zimekauka, zimekatika au zimekuwa ngumu, badilisha kifuniko kwa kingine chenye kipimo kile kile kilichoandikwa.

Ikiwa maji yamepungua kote kuwili, yanatoka mahali fulani, na kazi yako ni kupatafuta. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, kisha asubuhi uangalie doa limeangukia wapi. Pitisha tochi kwenye maungio ya mipira, kwenye kingo za plastiki za rejeta ambazo hupata nyufa kwa uzee, na chini ya pampu ya maji, ambayo ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili ikichoka, maji yaonekane nje kabla bearingi haijafa. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ikivuja na kukauka huacha mchirizi wa unga mweupe au wa pinki, kwa hiyo hata pasipo na unyevu, mchirizi huo ni ushahidi wa kutosha. Angalia vilevile zulia la upande wa abiria wa mbele: likiwa limelowa na lina harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi inavuja.

Maji yakiwa hayapungui, swali linalofuata ni gari huchemsha likiwa katika hali gani, na hili ndilo swali tunalolithamini kuliko kifaa chochote tulicho nacho. Gari linalochemsha likiwa kwenye foleni au limesimama huku injini ikinguruma, kisha likapoa likishika mwendo barabarani, lina upungufu wa hewa, na mshukiwa wa kwanza ni feni. Washa injini, washa kiyoyozi, kisha utazame: kwenye magari mengi yenye feni za umeme, feni inapaswa kuzunguka muda mfupi baada ya kiyoyozi kuwashwa. Isipozunguka, kagua fyuzi yake, relei yake na plagi ya nyaya kabla ya kulaumu mota. Weka mikono, nywele na nguo mbali nayo, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata baada ya injini kuzimwa. Gari linalofanya kinyume, yaani linalotulia mjini lakini linachemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, kwa kawaida lina feni nzima, na tatizo lake liko kwenye rejeta au kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, mapezi ya nje yaliyojaa vumbi na wadudu, pampu iliyoliwa mapanga, au themostati isiyofunguka vizuri.

Themostati inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo magari mengi yanapodhulumiwa. Ni vali inayojiendesha kwa joto. Injini ikiwa ya baridi, hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi, na kwenye Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka maji yanapofika nyuzijoto 82 hivi. Ikikwama imefungwa, gari huchemsha dakika chache baada ya kuwashwa, na ukigusa kwa uangalifu mipira miwili mikubwa ya rejeta utakuta mmoja una moto mkali na mwingine bado ni wa baridi. Dawa yake ni kuweka themostati mpya. Kwa bahati mbaya, desturi iliyoenea katika gereji nyingi ni kuitoa na kuliacha gari bila themostati, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo si sahihi. Injini iliundwa ifanye kazi kwenye joto fulani, na joto hilo ni lile lile gari likiwa Tanga au likiwa Makete. Isipolifikia, kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli kama injini inayowashwa alfajiri, oili haipati moto wa kutosha kuondoa unyevunyevu, na vyuma huliwa mapema. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati inapofunguka huziba wakati huo huo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi bila kupozwa, na gari ambalo ulitaka lisichemshe huendelea kuchemsha mlimani.

Unaweza kujua kama gari ulilonunua lilitolewa themostati bila kufungua bolti hata moja. Mshale wa joto utachelewa kupanda, na utashuka unapoteremka mlima mrefu. Magari madogo kama Vitz na Passo mara nyingi hayana mshale, bali yana taa ya buluu inayozimika injini ikishapata moto, na taa nyekundu inayowaka mambo yakiwa tayari yameharibika. Taa ya buluu ikikawia sana kuzimika, au ikiwaka tena ukiwa safarini, themostati ama haipo ama imekwama ikiwa wazi. Kwa gari linalosomeka kwa kifaa cha uchunguzi, alama ya P0128 inaeleza jambo hilo hilo.

Kuhusu kinachomiminwa ndani, msimamo wetu ni kwamba maji ya bomba au ya kisima ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Yana chumvi zinazoganda kwenye mirija myembamba ya rejeta kama ukoko wa birika, na hayana dawa ya kuzuia kutu, wakati injini nyingi za leo zina silinda hedi (kichwa kinachofunika silinda za injini) ya aluminiamu ambayo huliwa haraka. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 107 hata kabla ya kusaidiwa na mgandamizo wa kifuniko, na huilinda pampu na sili zake. Soma kwenye chupa kama kulanti uliyonunua tayari imechanganywa au bado ni nzito. Kulanti ya pinki ya Toyota huuzwa ikiwa imechanganywa, na kuiongezea maji ni kuipunguzia nguvu. Rangi peke yake haithibitishi aina, kwa kuwa kila kiwanda hupaka rangi kinayotaka, kwa hiyo usiongeze aina usiyoijua juu ya nyingine. Ukinunua maji yaliyosafishwa kwenye kituo cha mafuta, hakikisha hupewi asidi ya betri, maana chupa zake hukaa pamoja. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu: usiimwage uani, na usiiache wazi mahali ambapo watoto, mbwa au paka wanaweza kuifikia.

Kuna hatua ambayo tunakuomba uache kujitibia. Maji yakipungua kila siku na hakuna doa popote, bomba la moshi likitoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa ya moto, mapovu yakitoka mfululizo mdomoni mwa rejeta unapowasha gari la baridi, au mipira ya rejeta ikiwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kuna uwezekano mkubwa kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kilicho kati ya kichwa hicho na injini, imeungua. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili nzito. Hata hivyo, ute mweupe ulio chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, hasa mwezi wa Juni na Julai huku nyanda za juu, kwa kuwa gari linalokwenda safari fupi za asubuhi hukusanya unyevu hapo. Kuendelea kuendesha gari lenye gasketi iliyoungua hupindisha silinda hedi, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadilisha gasketi huwa ya kutafuta injini nyingine.

Likikuchemshia njiani, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho wake ili ichukue sehemu ya joto, na utafute mahali salama pa kusimama mapema iwezekanavyo, kisha uzime injini. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla wakati gari bado linatoa mvuke, usifurahi, kwa maana huenda maji yamekwisha na sensa inapima mvuke tu. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya mpira wa rejeta bila kuungua, jambo ambalo huweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukilegeze polepole na uongeze maji kidogo kidogo, kwa sababu maji ya baridi yakimiminwa kwa wingi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi.

Unapotuletea gari linalochemsha, tunapendelea lilale kwetu usiku mmoja ili tulifungue likiwa la baridi. Tunalipima kwa pampu ya mgandamizo inayoonyesha mahali linapovuja bila kuwasha injini, tunapima kifuniko chake, na pale gasketi inaposhukiwa tunatumia dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini ndani ya rejeta. Baada ya hapo tunakupigia simu na kukueleza tulichokikuta, na hakuna kifaa tunachonunua kabla hujakubali. Ukija, tuambie mambo matatu: huchemsha likiwa kwenye mwendo au limesimama, maji yanapungua kiasi gani kwa wiki, na nini kilishabadilishwa hapo awali. Kama vifaa vya zamani unavyo, vilete pia, ikiwa ni pamoja na ile themostati.