Barua kwa mwanangu fundi mitambo: Queen yote haimo humo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona jambo moja tu, kwamba bendi imekuchukua uwe fundi mitambo wao kwa safari nzima ya miezi minne, na kwamba miksa, ile meza ya kuchanganya sauti, itakuwa mikononi mwako peke yako. Nilimsomea baba yako kwa sauti, akasema nisimpigie kelele, yeye masikio yake ni mazima. Mara ya pili nikakutana na sentensi iliyonichoma: "Mama usijali, Greatest Hits ya Queen nimeshaipakua, Queen yote ninayo." Mara ya tatu ndipo nikaona ulichokidondosha mwishoni kabisa, kama mtu anayetupa ganda akitumaini hakuna aliyemwona: kwamba baada ya mazoezi ya Jumamosi masikio yalikuvuma mpaka asubuhi, lakini ni kawaida, wenzako wote yanawavuma.

Si kawaida. Nitalirudia hilo mpaka uchoke.

Ila nianze na hili la Queen yote, maana nisipolitoa litanikaba. Mkusanyiko ule wa nyimbo zilizovuma za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ulitoka mwaka 1981. Toleo la Uingereza, ambalo ndilo langu na ndilo nililokulea nalo, lina nyimbo 17. Wakati huo bendi ilikuwa na miaka 11 na albamu 9 za studio. Sasa piga hesabu. Albamu ya kwanza ya mwaka 1973 haikutoa hata wimbo mmoja humo. Queen II ya mwaka 1974, ile yenye upande mweupe na upande mweusi, imetoa Seven Seas of Rhye peke yake, na huo wenyewe umesukumwa mpaka nafasi ya 15 kana kwamba ni mgeni aliyechelewa. Na huo ndio uliowafungulia mlango! Kabla yake redio hazikuwajua. Mimi ningeuweka mwanzo, mtu aingie kwa mlango walioingilia wao.

Wao wameanza na Bohemian Rhapsody. Sisemi ni mbaya, nani atasema hivyo. Ilikaa kileleni mwa chati za Uingereza wiki 9 ilipotoka mwaka 1975. Lakini ni wimbo wa karibu dakika 6, una kuomboleza ndani, una opera, una roki, kisha unakufa taratibu, na msikilizaji ameshapewa kila kitu kabla hajakaa sawa kwenye kiti. Baada yake inadunda besi ya Another One Bites the Dust, kavu, hakuna hata salamu kati ya nyimbo hizo mbili. Miaka yote hii bado nashtuka pale.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Fat Bottomed Girls na Bicycle Race wameziacha pamoja, na ndivyo zilivyotoka mwaka 1978, pande mbili za singo moja, yaani sahani ndogo ya santuri, kila mmoja ukimtaja mwenzake. Ningeshika ule wa kwanza mzima, maana humo umekatwa. We Will Rock You na We Are the Champions nazo hazikutenganishwa, na zimewekwa mwisho, pahali pake. Aliyepanga mwisho huo alijua kazi. Aliyeingiza Flash sijui alikuwa anawaza nini. Ni wimbo wa filamu, umejaa maneno ya waigizaji katikati, kwenye sinema unapendeza na kwenye sahani unakatiza mazungumzo. Halafu Spread Your Wings haumo, Tie Your Mother Down haumo. Najua utasema hazikupanda sana kwenye chati, na jina la mkusanyiko linajieleza lenyewe. Sawa. Basi usiniambie ni Queen yote. Umepakua Queen iliyopanda.

Kingine ambacho watu hawakioni. Katika nyimbo hizo 17, Freddie Mercury, mwimbaji wao, ameandika 10, Brian May wa gitaa 5, John Deacon wa besi 2. Roger Taylor hana hata mmoja. Mpiga ngoma mwenye sauti nyembamba kuliko wote, ndiye anayepanda kule juu kwenye sehemu ya opera, lakini kwenye orodha ya watunzi hayupo. Zake zilizopanda, kama Radio Ga Ga, zilikuja baadaye. Mwaka 1975 wimbo wake wa gari uliwekwa nyuma ya singo ya Bohemian Rhapsody, na kwa kuwa aliyenunua wa mbele alinunua na wa nyuma, malipo ya utunzi yakawa sawa na ya Freddie. Nilikuwa nakwambia hivyo kila ulipolalamika kwamba kazi yako haionekani jukwaani. Naona ulisikia.

Kusikia ndiko ninakotaka kurudi.

Wewe umelisomea hili, mimi nimeliokota kwa daktari, kwa hiyo unisahihishe nikikosea. Sauti yenye ukubwa wa desibeli 85 mtu anaivumilia kwa muda wa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 unabaki na dakika 15. Onyesho lenu linachukua muda wa saa mbili na wewe umesimama mbele ya spika. Na vile vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio vikishakufa havioti tena, si kama nywele za baba yako ambazo angalau tulizishuhudia zikiaga. Kwa hiyo masikio yanapokuvuma mpaka asubuhi, yanakwambia yameumia. Yakipoa usidhani yamesahau. Vizibo vya masikio unavyo? Si pamba. Si karatasi ya msalani, nimewaona vijana wa jukwaani wakifanya hivyo.

Nimemwambia kila mtu kwamba sikio langu la kushoto limekwisha kwa uzee. Hata wewe nilikwambia hivyo. Siku moja niliweka upande wa pili wa sahani, nikafika Now I'm Here. Unajua unavyoanza, sauti ya Freddie inatokea upande mmoja, kisha inajijibu upande wa pili. Mimi nikasikia swali, jibu hakuna. Nikaona waya wa spika umekatika. Nikamwita fundi, akabadilisha waya, akafungua spika, akafunga, akasema, "Mama, spika ni nzima." Nikambishia. Akazigeuza, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, na sasa nikasikia jibu bila swali. Alinitazama bila kusema neno, nikamlipa akaenda zake. Umri wangu wakati huo ulikuwa mdogo kuliko wa shangazi yako leo, na yeye anasikia mpaka unayoyanong'ona jikoni. Ni hedifoni, mwanangu. Miaka ya hedifoni usiku, sauti juu kabisa, ili wewe na mdogo wako mlale.

Zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba. Matoazi ya Roger. Herufi s na f. Ile simu uliyonipigia baada ya mtihani wako wa kwanza wa ufundi, ulisema nimefeli, nikakujibu hongera mwanangu, nilijua tu. Ukanyamaza wiki mbili. Baba yako ndiye aliyekuja kunieleza nilichofanya. Nilitaka kukupigia nikwambie ni simu nilikuwa nimeiweka sikio baya, lakini ilinibidi kwanza nikiri kwamba lipo sikio baya. Na siku ile ya ngazi, kama umewahi kujiuliza kwa nini nilichelewa kutoka chumbani, hedifoni zilikuwa kichwani na ulikuwa ni Somebody to Love. Sauti za watu watatu zimerudiwa na kurudiwa mpaka zikawa kwaya nzima. Siku hizi naupenda kidogo tu. Lile kovu la kidevuni naliona kwenye picha zako limefifia vizuri.

Uvae vizibo.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaruka Save Me, unasema unachosha. Ukiwa njiani usiuruke. Na You're My Best Friend, msikilize Deacon. Aliuandikia mkewe, na kile kinanda cha umeme unachokisikia anakipiga yeye mwenyewe, maana Freddie hakukipenda. Deacon ndiye ningependa umfuate kati ya wale wanne. Alisomea elektroniki. Mwaka 1972 aliokota kipande cha saketi kwenye takataka, akakitengenezea amplifaya ndogo, na Brian akaitumia studio miaka nenda rudi. Mtu mkimya, hakuimba hata nyuma kwenye rekodi zao, na besi aliyoibuni yeye ndiyo inayotikisa kumbi mpaka leo. Nikiona picha yako nyuma ya miksa, umeinama, nywele zimekufunika uso, namwambia baba yako, yule ni Deacon wetu. Anasema Deacon alichana nywele.

Asikutishe huyo. Brian May alichonga gitaa lake pamoja na baba yake, kwa mbao za meko kuukuu, kisha mtoto alipoacha masomo ya falaki akaenda na bendi, mzee yuleyule akakasirika. Shahada ya udaktari aliimaliza mwaka 2007, ameshakuwa mtu mzima. Baba yako kakuchomea nyaya zako zote kwa mkono wake, na bado Jumapili anauliza kama ile kozi ya uhasibu ina muda wa mwisho wa kujiandikisha. Mjibu kwa upole. Ukimaliza safari muipitie pamoja hiyo fomu, hata kama hutaijaza.

Umeuliza kama Under Pressure imefutwa kwenye nakala uliyopakua. Haijafutwa. Toleo la Uingereza halikuwa nayo, ingawa ilitoka mwaka huohuo wa 1981. La Marekani walikuwa nayo, nao hawakuwa na nyingine kadhaa tulizo nazo sisi. Orodha zilitofautiana nchi kwa nchi, ndiyo maana mashabiki wawili wanaweza kubishana usiku kucha na kila mmoja ana haki. Ukiitaka, iko kwenye Greatest Hits II. Hiyo ilitoka Oktoba 1991, na Freddie akafa tarehe 24 Novemba. Ya pili siwezi kuisikiliza nikiwa na kazi za mikono. Ya kwanza ni ya vijana walioamini watarudi studio mwezi ujao, unaweza kuifulia nguo.

Wanasema ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, na mwaka 2022 ilifikisha milioni 7, wa kwenye intaneti wakihesabiwa. Sishangai. Kila nyumba ina mtu kama wewe, anayo hiyo moja na anasema anayo yote. Hapo nimekuonea kidogo. Nami nilianzia hapohapo. Queen II niliipata baadaye, na kwa sababu tu mwenyewe alikuwa anahama na hakuwa na nafasi kwenye sanduku.

Kuna habari ya ule utepe wa kurekodia Bohemian Rhapsody, kwamba waliupitisha kwenye mashine mara nyingi sana wakiongeza sauti juu ya sauti, mpaka ukiuinua kwenye taa mwanga unapenya. Studio wanalisimulia kama ajabu. Mimi nikilisikia siku hizi nashika sikio.

Ya nyumbani. Bomba la jikoni linadondosha tena, baba yako anasema linamnyima usingizi, mimi nalala kwa ubavu wa kulia na sisikii kitu, ndiyo faida pekee. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila kuuliza mtu, ameshabandika mambo yake ukutani. Usimgombeze kwa simu, subiri urudi. Ngazi ya jirani bado iko uani kwetu tangu ulipopandia kufunga antena, ameiulizia mara mbili na nimeishiwa visingizio, nitamtuma huyohuyo mdogo wako airudishe. Funguo ya ghala unayo wewe. Tafuta kwenye lile begi la nyaya, mfuko wa nje.

Alhamisi usiponipata kwa simu usihangaike, piga ya baba yako, au piga tena nitakuwa nimeigeuza. Na useme taratibu. Ukifika kwenye onyesho la kwanza, niandikie ni desibeli ngapi umepima pale unaposimama. Namba, si "kawaida tu mama."

Nimekutumia sahani ya Queen II. Najua huna cha kuichezea huko, ishike tu. Chini yake kuna jozi mbili za vizibo, zile za wanamuziki ambazo hazikati sauti nyembamba peke yake, zinashusha zote sawasawa, utaisikia miksa yako vilevile ila kwa upole. Nimezitia ndani ya soksi za kijivu zisipotee. Soksi ni za baba yako, hajui kama zimesafiri. Zirudi.

Mama yako