Tuulize mtoto alifariki lini

Ndugu Mhariri,

Mtoto akizaliwa mfu, mama huambiwa haraka kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Anayesema hivyo ana nia njema. Lakini maneno hayo yakisemwa ndani ya wodi ya wazazi hulizima swali ambalo ni lazima liulizwe: mtoto huyu alifariki lini?

Jibu lipo. Aliyefia tumboni siku kadhaa kabla ya uchungu huzaliwa ngozi imeanza kuchubuka, na hapo tunatafuta kaswende isiyotibiwa, presha ya mimba, kisukari, malaria. Mengi ya hayo kliniki huyabaini kwa vipimo vya damu na mkojo tu. Aliyefariki wakati wa uchungu ngozi yake ni nzima. Huyo mara nyingi alikosa hewa, kwa sababu uchungu ulipitiliza, kitovu kilitangulia au kondo lilibanduka mapema. Duniani huzaliwa watoto wafu karibu milioni 2 kila mwaka, na zaidi ya 40 katika kila 100 hufa namna hiyo. Uchungu ulipoanza walikuwa hai!

Kuwaokoa kunahitaji mtu wa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kuyaandika kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, na kuita daktari yakibadilika. Jijini kwetu majengo yameongezeka, nashukuru sana. Ila usiku mkunga mmoja akiwa na wazazi watano wote wenye uchungu, ataacha nani? Nimezifanya zamu hizo miaka mingi. Patografu nyingi hujazwa asubuhi, mtoto akiwa ameshatoka.

Kuna na wale wanaozaliwa bila kulia. Wanahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na wasipopumua wapewe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo ya kuwafundisha wahudumu hatua hizo yalipofanyiwa utafiti katika hospitali 8 za nchi yetu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vimepungua kwa karibu nusu. Hata hesabu ya waliozaliwa wafu ilishuka. Naamini baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, hawajaanza tu kupumua. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha tunapoteza watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Lengo la mwaka 2030 ni wasizidi 12.

Naziomba manispaa zetu zitangaze, kwa kila hospitali, idadi ya watoto waliofariki wakati wa uchungu na idadi ya wakunga waliokuwa zamu ya usiku. Na mama aliyefiwa aandikiwe sababu kwenye kadi yake kabla ya kuruhusiwa, ili akishika mimba nyingine kliniki ijue ianzie wapi.

Mkunga mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam