Usukani kwanza, kiti baadaye

Swaleh mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, kazi iko, baridi ndiyo imeingia. Mama amenieleza habari ya kiti, na sikufurahi. Pesa zile zilikuwa za usukani na pedeli. Wewe na Omari mkampelekea fundi wa kuchomelea Changamwe awaundie kiti cha mbio, kisha waniandikia kwamba Assetto Corsa, hiyo gemu ya mbio za magari, ni ngumu, gari linazunguka kila kona. Lazima lizunguke, unaliendesha kwa pedi ya mkononi! Kwa kidole gumba huwezi kujua tairi limeanza kuteleza. Kwa usukani mkono wajua: unakuwa mzito ukiingia kona, halafu ghafla unalegea. Ukilegea, tairi za mbele zimeacha kushika. Usizidi kukata, rudisha kidogo mpaka uzito urudi.

Usukani nimeshanunua, Logitech G29, atakuja nao bintiye Bi Zuhura. Ufunge kwenye meza nzito, si ile ya plastiki. Pedeli zisukume mpaka ukutani, maana kwenye vigae zitakukimbia: ya breki ina mpira ndani, yataka mguu wa nguvu. Mzunguko wa usukani weka nyuzi 900 kwenye programu yake na 900 ndani ya gemu. Kisha ndani ya gemu fungua kile kijidirisha cha pedeli, utaona mstari wa nguvu za usukani. Ukiwa mwekundu kila mara, nguvu zimegonga mwisho na usukani hauna la kukueleza tena. Punguza.

Na skrini isogeze karibu. Ikiwa ni ya inchi 24 na macho yako yako sentimita 60 kutoka hapo, pembe ya kuona ya gemu (FOV, ya juu hadi chini) weka kama nyuzi 28. Mwanzo utahisi unachungulia dirishani, lakini kona zitakuja kwa umbali wake wa kweli na utajua pa kufunga breki.

Anza na Abarth 500, inavutwa na tairi za mbele, haina hasira. BMW M3 E30 baadaye. Hiyo ukikanyaga mafuta kabla hujanyoosha usukani, nyuma inachomoka.

Breki ndiyo gemu yenyewe, Swaleh. Chukua Monza, ule uwanja wa mbio wa Italia, mwisho wa ile barabara ndefu, pale pa kulia kisha kushoto. Kanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, halafu achilia pole pole kadiri unavyokata. Ukiachilia ghafla, uzito unaikimbia pua na gari linapitiliza. Gia nazo ziteremshe moja moja. Ukiziharakisha, tairi zinazozungushwa na injini zinajifunga. Raundi ya kwanza tairi bado baridi, funga breki mapema.

Mimi kwenye gemu Monza naizunguka chini ya dakika mbili kwa gari la mbio la daraja la GT3, na vijana wa hapa wanajua. Lakini Jumamosi jioni natamani tungekuwa pale ufukoni Mama Ngina, Mombasa, mihogo mkononi, nikueleze haya uso kwa uso.

Kiti kibaki, mtakitumia. Omari mwambie asiombe pesa za skrini ya pili kabla hujaizoea breki. Nilizotuma jana ni za dawa za mama, msiziguse.

Kakako