Lochi hafuati ukubwa wa tangi, anadumaa tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie kauli wanayoambiwa wengi wanaonunua samaki wa mapambo: kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake, hivyo mnunuzi asiwe na wasiwasi. Kauli hiyo ndiyo inayomuuza lochi klauni, yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi na mkia mwekundu, akiwa na sentimita 4 au 5, kwa watu wenye matangi ya lita 60.

Lochi klauni, ambaye kitaalamu ni Chromobotia macracanthus, asili yake ni mito ya Sumatra na Borneo, visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Anaweza kufikia sentimita 30. Ndani ya tangi, akitunzwa vizuri, hufika 20 hadi 25, na huishi zaidi ya miaka 20. Tena haishi peke yake: anataka wenzake wasiopungua watano, la sivyo hujificha mchana kutwa, hula kidogo na hufifia rangi.

Urefu pekee unadanganya. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake hupanda kama mara nane, kwa sababu anapanuka na kunenepa pia. Aliyenunuliwa na sentimita 5 akafika 20 amekuwa mzito takriban mara 64. Chakula, uchafu na hewa anayotumia navyo hupanda, ingawa si kwa kiwango kilekile. Zidisha hayo kwa samaki watano, kisha utazame tena lile tangi la lita 60.

Kinachomfanya abaki mdogo humo si hekima ya maumbile. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia mashavu. Bakteria wa kwenye filta huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haiendi popote mpaka uitoe kwa kubadilisha maji. Mwenye tangi anayeongeza tu maji yaliyopungua kwa joto anaiacha ilundikane wiki baada ya wiki. Samaki hupoteza hamu ya kula, hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi na ukuaji husimama. Dalili zinaonekana kwa macho: kichwa na macho makubwa kuliko mwili, tumbo limebonyea, wakati mwingine uti wa mgongo umepinda. Huko ni kudumaa.

Kasi ya kukua nayo inawapotosha watu. Mwaka wa kwanza lochi klauni mwenye afya anaweza kufika sentimita 8 hadi 10. Baada ya hapo hupunguza mwendo, sentimita 2 kwa mwaka au pungufu. Mnunuzi akiona samaki hajabadilika kwa miezi sita hudhani amefika mwisho, kumbe bado ana miaka mingi ya kukua. Ndiyo maana ahadi ya "nitanunua tangi kubwa baadaye" husahaulika kirahisi.

Kwa wadogo watano au sita, tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani kama lita 240, linatosha kwa mwaka mmoja hivi au miwili. Wakipita sentimita 12 wanahitaji la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, ambalo huchukua lita 648. Fundi wa vioo atumie kioo cha milimita 12, na mwenye nyumba akumbuke kwamba maji peke yake yana uzito unaozidi kilo 600. Meza ya sebuleni haibebi huo. Urefu na upana wa sakafu ya tangi ni muhimu kuliko kina, kwani lochi hutumia sehemu kubwa ya muda wake chini.

Filta iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote ya tangi mara sita hadi kumi kwa saa. Badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kila wiki, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye pipa wazi saa 24 yakipigwa hewa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Joto liwe nyuzi 26 hadi 30. Dar es Salaam na Mombasa hita haihitajiki sana. Taabu ya huko ni miezi ya joto umeme unapokatika, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki wakubwa ndio huanza kupanda juu kuhema. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ikae karibu. Nairobi na Arusha, mwezi wa Julai, bila hita hawa samaki hupata madoadoa meupe upesi.

Wakiyapata, pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ongeza hewa, na utumie nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa. Magamba ya lochi ni madogo mno na yamezama kwenye ngozi, hivyo dawa humwingia kwa kasi. Dawa za shaba ni za kuepuka kabisa.

Chakula kinachozama ndicho chake: tembe za kuzama, minyoo ya kugandishwa, nyungunyungu waliokatwakatwa na kuoshwa, vipande vya kamba wabichi, viluwiluwi vya mbu kutoka maji safi, tango. Konokono wa tangini, lochi huwamaliza wenyewe. Walishe jioni baada ya kuzima taa. Mchana samaki wa juu hukimaliza chakula chote, na mwenye tangi hubaki akishangaa kwa nini lochi wake hawanenepi.

Lakini kuna wasionenepa hata wakila vizuri. Wengi huvuliwa mitoni wakiwa wachanga, hukaa na njaa safari nzima, na hufika wakiwa na minyoo tumboni. Mtazame kwa juu: mgongo wake umekuwa mwembamba kama makali ya kisu. Hapo tangi kubwa halisaidii. Levamisole, dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo inayopatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, hutumika kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Kwa tangi la lita 300 unahitaji miligramu 600, sawa na mililita 40 za dawa yenye nguvu ya asilimia 1.5. Soma kibandiko: iwe levamisole peke yake, isiwe ile iliyochanganywa na oxyclozanide, ambayo ni hatari kwa viumbe wa majini. Zima taa, kwa kuwa mwanga huiharibu. Baada ya saa 24 badilisha zaidi ya nusu ya maji na unyonye sakafu yote, kisha rudia baada ya wiki mbili hadi tatu.

Jambo jingine linalosahaulika ni maficho. Lochi hupenda kujibana, na tundu lililomtosha akiwa na sentimita 6 humnasa akifika 10. Vipande vya bomba la plastiki la inchi moja na nusu vibadilishwe kwa vya inchi tatu au nne kadiri anavyokua, na kingo zisuguliwe kwa msasa. Chini ya jicho ana mwiba unaofyatuka anaposhtuka, nao hunasa kwenye kinyavu. Mhamishe kwa kopo la plastiki. Ukimkuta amelala ubavu, usikimbilie dawa. Ndivyo anavyopumzika.

Waliodumaa wakiwa bado wachanga huweza kuanza kukua tena wakihamishwa. Aliyekaa miaka mingi kwenye tangi dogo hataurudisha urefu wote, ingawa afya yake hupata nafuu.

Asiye na nafasi achague lochi wanaobaki wadogo. Kuhli, mwembamba kama kamba ya kiatu, huishia sentimita 8 hadi 10, na sita wanatosheka na lita 80 zenye mchanga laini, mradi mdomo wa filta uzibwe kwa sifongo kwa sababu huingia ndani yake. Sidthimunki huishia kama sentimita 6. Yoyo si mdogo kama anavyoonekana dukani, hufika 15. Na mwenye maji magumu ya kisima, kama sehemu nyingi za pwani, angefanya vyema kutafuta ngogogo wadogo wa Ziwa Tanganyika, ambao maji hayo ndiyo yao.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo: kalamu ya wino mzito iandike juu ya kila tangi la dukani urefu wa samaki akiwa mzima na idadi anayopaswa kuishi nayo. Pia wakubali kuwapokea waliozidi matangi ya wateja, hata bila kuwalipa. Dojo, lochi mwingine anayefika sentimita 25 na anayevumilia baridi, amekwisha kuenea kwenye mito ya Marekani na Australia, na baadhi yao walimwagwa na watu waliochoka kuwafuga.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam