Mtandao haujawahi kuchonga picha

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako nikanyamaza, hata pale mlipokuwa mkikosea majibu ya chemsha bongo. Lakini makala yenu ya Sengbe Pieh, yule mtu wa kabila la Wamende wa Sierra Leone aliyeongoza uasi wa mateka wa Kiafrika ndani ya merikebu ya Amistad mwaka 1839, imenishinda. Makala yenyewe nzuri. Ila chini ya sura yake mmeandika: "Picha: Mtandao."

Mtandao upi huo? Sura ile ilichongwa na John Sartain wa Philadelphia, mzaliwa wa London aliyehamia Marekani mwaka 1830. Aliinakili kutoka picha ya rangi iliyochorwa na Nathaniel Jocelyn, iliyoagizwa na Robert Purvis, mpinga utumwa wa mji huohuo wa Philadelphia. Na kazi hiyo si ya kulipua. Bamba zima la madini la kuchapia picha hukwaruzwa kwanza kwa chuma chenye meno, huku na huku, mpaka lote linashika wino. Ukilipiga chapa hapo, karatasi inatoka nyeusi tii. Ndipo fundi anaanza kukwangua na kulainisha, anautoa mwanga gizani kidogo kidogo: paji la uso, shavu, mikunjo ya ile shuka nyeupe begani. Na yote anayafanya kinyume, kulia kukiwa kushoto, maana karatasi itageuza. Mtu amekaa akaitafuta ngozi ya Mwafrika kwa uangalifu ule, wakati chama cha wasanii cha Philadelphia kilikataa mwaka 1841 hata kuitundika picha ya Jocelyn kwenye maonyesho yake, halafu leo sifa mnampa mtandao!

Wala Sartain hakuwa fundi wa uchochoroni. Jarida lake, Sartain's Union Magazine, lilichapisha mashairi ya Edgar Allan Poe, yule mshairi maarufu wa Marekani. Mwaka 1876 ndiye aliyesimamia sanaa katika maonyesho makubwa ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Binti yake Emily naye alichonga mabamba, akaja kuongoza chuo cha ubunifu cha wanawake palepale Philadelphia.

Mimi nimestaafia kwenye uchapaji, kwa hiyo naijua harufu ya wino. Nilipeleka sura hiyohiyo steshenari moja hapa mjini waikuze nikaitundike sebuleni. Kijana akaing'arisha bila kuulizwa mpaka Sengbe akawa kama amepakwa mkorogo, kisha akakata mstari wa chini wenye jina la mchongaji. Nilipouliza, akaniambia, "Mzee, ule uchafu nimekutolea." Na pesa ya kusafisha akadai!

Tukiwa hapohapo, ukurasa wenu wa tanzia nao uangalieni. Marehemu siku hizi wanang'arishwa hadi ndugu zao wanaulizana ni nani huyu.

Pendekezo langu ni hili. Kwa wiki moja ondoeni majina ya waandishi wote, pamoja na lako la ukurasa wa pili, muweke "Habari: Mtandao." Mkishaona inavyouma, irudieni picha ile na mstari mmoja chini yake: mchoraji Jocelyn, mchongaji Sartain. Nafasi ipo, tangazo la mganga lililo kushoto linaweza kusogea.

Mchapaji mstaafu,
Morogoro